Walioketi Chini ya Miti ya Ruring'u

Picha kongwe za majengo ya serikali ya kikoloni zinafanana: ukuta, paa, miti, uwanja uliofagiwa. Watu hawamo. Mpiga picha alitaka kuonyesha jengo, basi. Kwetu sisi wa Tetu, picha ya namna hiyo ya jengo la Ruring'u, Nyeri, haitoshi hata kidogo.

Jengo hilo, ambalo leo ni Makumbusho ya Nyeri, lilijengwa 1924 liwe mahakama ya Waafrika. Wazee waliketi humo kuamua kesi za kimila: mahari, mbuzi, na hasa mashamba. Guka, babu yangu, alikuwa na kesi ya mpaka na jirani yake. Alisimulia jinsi wenye kesi walivyokaa chini ya miti wakingoja kuitwa, kila upande na mashahidi wake, wasisalimiane.

Ndani, shahidi aliulizwa itoka imepandwa wapi. Itoka ni ua ambalo Wakikuyu walilipanda mipakani. Ukilikata usiku ili usogeze mpaka, kitunguu chake hubaki ardhini, na mvua ikinyesha linachipuka palepale. Na ushahidi ukigongana, desturi ilikuwa na kiapo cha githathi, jiwe lenye matundu saba. Wengi walikubali kushindwa kesi kuliko kuapa uongo mbele ya jiwe hilo, maana laana ingeshika ukoo mzima.

Ninawaheshimu wazee wale kwa kuwa waliujua udongo waliouamulia. Lakini walikaa pale kwa idhini ya serikali ileile iliyowagawia walowezi ardhi ya Wakikuyu, na dhuluma hiyo, iliyokuwa kubwa kuliko zote, wao hawakuwa na uwezo wa kuihukumu.

Miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, mashamba ya Nyeri yaliunganishwa na kupimwa upya, huku wengine wakiwa kizuizini au msituni. Itoka ikashindwa na ramani. Sheria ya 1967 ikazifuta mahakama za Waafrika.

Watu hao wote hawamo katika picha ile ya jengo. Kwa hiyo, kama kwa cucu, nyanya yako, kuna bahasha ya picha kabatini, keti naye. Muulize huyu ni nani, yule ni wa nani, na walikuwa wapi. Andika majina nyuma kwa penseli laini, usibonyeze, kisha peleka nakala kwenye makumbusho ya Ruring'u. Fanya hivyo mwaka huu, cucu akiwa bado anawatambua.