Ganda la Kahawa, Ganda la Kompyuta
Katika Bugene, kama kwingineko katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, neno ganda husikika zaidi katika umbo la wingi, kwa kuwa kahawa iliyokaushwa lakini haijakobolewa huitwa kahawa ya maganda. Neno hilohilo linafaa kabisa kuitaja programu inayopokea amri za mtumiaji na kuzifikisha kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta, ambayo Mfaransa Louis Pouzin aliipa jina lenye maana hiyo katika miaka ya 1960.

Amri za ganda zikiandikwa katika faili moja ili zitekelezwe kwa mfuatano huitwa skripti, na mojawapo ya kazi zake ni kukusanya orodha ya faili za msimbo zitakazojengwa kuwa programu. Mkaguzi wa skripti ya namna hiyo hana budi kuuliza kwanza kama inahamishika, yaani kama itafanya kazi katika mashine nyingine bila kubadilishwa. Tangu 2006, kwa mfano, mfumo wa Ubuntu hutumia dash badala ya bash kama ganda la mfumo, na skripti inayotegemea safu za bash, yaani vigeu vinavyobeba thamani nyingi, hukwama ikiendeshwa na dash. Kosa la hatari zaidi ni lile lisiloikwamisha skripti: amri ya find, inayotafuta faili, haiahidi mpangilio wowote wa majina, na amri ya sort, inayoyapanga, hufuata kanuni za lugha iliyowekwa kwenye mashine, hivyo orodha moja inaweza kutoka kwa mipangilio tofauti katika kompyuta mbili, isipokuwa kigeu cha lugha kimewekwa kuwa LC_ALL=C kabla ya kupanga. Majina ya faili yenye nafasi nayo hukatwa vipande, kigeu kinachoyabeba kisipofungwa kwa alama za nukuu.