Miaka Elfu ya Msalaba Nubia

Joto la Nubia lilimshinda padri Julianus. Alipofika huko karibu mwaka 543, alijihifadhi katika mapango yaliyojaa maji, shuka kiunoni, sehemu ya juu tu ya mwili ikiwa nje ya maji. Humo alishinda kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi alasiri akifundisha na kubatiza. Alivumilia hivyo kwa miaka 2.

Aliyemtuma alikuwa Malkia Theodora wa Konstantinopoli, na mpinzani wake katika jambo hilo alikuwa mumewe mwenyewe, Kaisari Yustiniani. Mtaguso wa Kalkedoni wa mwaka 451 ulikuwa umewagawa Wakristo juu ya swali la Kristo: je, ana asili mbili, ya Mungu na ya mtu, au asili moja iliyounganika? Kaisari alisimama na mtaguso. Malkia alisimama na Wamisri waliosema moja. Kila mmoja akatuma ujumbe wake Nubia. Theodora akamwandikia mtawala wa Misri ya juu amcheleweshe mjumbe wa Kaisari, la sivyo kichwa chake kitakatwa. Mtawala akatii. Julianus alipewa wanyama wa safari, na mjumbe wa Kaisari alipowasili aliambiwa kwamba wanyama wamenyang'anywa kwa nguvu. Mwenye kusimulia haya, Yohana wa Efeso, alikuwa mtu wa upande wa malkia, kwa hiyo asomwe kwa tahadhari. Kilicho wazi ni kwamba Nubia ya kaskazini iliangukia upande wa Theodora.

Ilikuwa imebaki miaka 1,300 kabla ya mmisionari Johann Ludwig Krapf kutia mguu Mombasa.

Nubia wakati huo ilikuwa falme tatu zilizofuatana kandokando ya Mto Nile: Nobadia yenye makao Faras, Makuria yenye makao Dongola, na Alodia yenye makao Soba, karibu na Khartoum ya leo. (Watu wake wasichanganywe na Wanubi wa Kibera na Bombo, ambao wengi ni uzao wa askari waliotoka Sudan enzi za ukoloni.) Kufikia mwaka 580 hivi falme zote tatu zilikuwa zimebatizwa, Alodia ikiwa ya mwisho kwa mkono wa askofu Longinus. Wafalme ndio walioanza, raia wakafuata.

Kisha Misri ikatekwa na majeshi ya Waarabu, na mwaka 652 jeshi la Abdallah ibn Sa'd likaizingira Dongola. Wapiga mishale wa Makuria walilenga macho, hata waandishi wa Kiarabu wakawaita wapiga-mboni. Vita haikupata mshindi. Ukafanyika mkataba ulioitwa baqt: Wanubia wapeleke watumwa 360 kila mwaka, na Misri iwarudishie nafaka, nguo na bidhaa nyingine. Mkataba huo, kwa kuvunjwa na kurekebishwa, uliishi takriban miaka 600, na ni miongoni mwa mikataba iliyodumu muda mrefu zaidi katika historia. Wanaousifu kwa amani iliyoletwa wasisahau kwamba amani hiyo ililipiwa kwa binadamu, na mlipaji alikuwa mfalme Mkristo.

Hata hivyo amani ilijenga. Nobadia na Makuria ziliungana, na mwaka 707, katika enzi ya Mfalme Merkurios, askofu Paulos alijenga kanisa kuu la Faras. Karne baada ya karne kuta zake zilipakwa lipu mpya na kuchorwa upya: malaika, wafalme, mama wa wafalme, maaskofu weusi wakiwa wameshikwa mabega na mitume weupe. Mtakatifu Anna ameweka kidole mdomoni kama anayeomba kimya. Katika shubaka moja ukutani yaliandikwa majina ya maaskofu 27 waliofuatana. Mchanga wa jangwa ulilifukia jengo zima, na ndio uliolihifadhi. Kati ya 1961 na 1964, maji ya bwawa la Aswan yakikaribia kuifunika Faras, Kazimierz Michałowski na wanaakiolojia wenzake kutoka Poland waliibandua michoro zaidi ya 100. Sehemu ilipelekwa Khartoum, sehemu Warsaw. Faras yenyewe iko chini ya ziwa.

Wanubia waliandika pia. Walisali kwa Kigiriki na Kikopti, lakini walibuni maandishi ya lugha yao kwa herufi za Kigiriki na Kikopti, wakaongeza chache za ufalme wa kale wa Meroe ili kushika sauti ambazo Wagiriki hawakuwa nazo. Kwa maandishi hayo walitafsiri Injili, na wakauziana mashamba mbele ya mashahidi. Kiti cha ufalme kilirithiwa zaidi na mtoto wa dada wa mfalme, desturi ambayo Kanisa halikuigusa.

Mwaka 835 Mfalme Zakaria wa Makuria alimtuma mwanawe Georgios hadi Baghdad kujadili malimbikizo ya baqt na Khalifa al-Mu'tasim. Alirudi na zawadi, na ahueni ya kulipa mara moja kila miaka 3. Huo ndio uliokuwa uzito wa Dongola.

Udhaifu ulikuwa kwingine. Maaskofu wa Nubia walihitaji kuwekwa wakfu na patriaki wa Aleksandria, na patriaki aliishi chini ya watawala Waislamu wa Misri. Njia ya kaskazini ikifungwa, Kanisa linakosa askofu. Likikosa askofu, halipati mapadri. Mwaka 1173 Turanshah, ndugu wa Salah ad-Din mtawala wa Misri, aliiteka ngome ya Qasr Ibrim, akamtesa askofu wake na, kwa simulizi la mwandishi mmoja wa Misri, akaamuru nguruwe 700 wa mji wachinjwe. Hilo lilikuwa onyo. Kishindo kilikuja 1276, Wamamluki waliotawala Misri walipoipora Dongola na kuanza kuweka wafalme wanaowataka, huku wana wa ukoo wa kifalme wakigombana na kukimbilia Kairo kuomba jeshi. Mwaka 1317 ukumbi wa kifalme wa Dongola ukageuzwa msikiti. Uliendelea kuswaliwa hadi 1969.

Kufa kwa Kanisa hakukuwa kwa siku moja. Askofu Timotheos aliwekwa wakfu Misri miaka ya 1370 na akazikwa Qasr Ibrim, hati zake mbili za uaskofu, moja ya Kikopti na moja ya Kiarabu, zikiwa pamoja naye kaburini. Zilipatikana 1964, hazijaguswa. Ufalme mdogo wa Dotawo huko Nubia ulikuwa bado na mfalme Mkristo mwishoni mwa karne ya 15.

Miaka ya 1520 padri Mreno Francisco Álvares alikuwa kwenye kambi ya mfalme wa Ethiopia, Lebna Dengel, wajumbe 6 walipofika kutoka Nubia kuomba mapadri na watawa. Aliyewahi kupita kwao alimwambia Álvares kwamba makanisa 150 yalikuwa bado yamesimama. Mfalme alikataa: askofu wake mwenyewe alitoka Aleksandria, naye atatoaje alichopewa na wengine? Wajumbe wakarudi mikono mitupu. Ethiopia, iliyokuwa na monasteri nyingi vijijini na milima ya kuilinda, ilivuka utegemezi uleule. Ilipata patriaki wake wa kwanza mwaka 1959.