Barua Kutoka Mwenzo

Asubuhi ya Tunduma huanza na foleni ya malori. Yamejipanga pua kwa mkia, yametoka Dar es Salaam yakielekea Lusaka, Ndola na Lubumbashi. Madereva wanapiga mswaki kwa maji ya chupa, mama lishe wanapita na chupa za chai na chapati zilizofunikwa kwa kitambaa. Kando ya lango rasmi kuna mitaa ambayo mpaka unapita katikati ya maduka. Upande huu bei inatajwa kwa shilingi, upande wa pili kwa kwacha, na muuza duka hodari anasalimia "habari" na "mulishani" bila kuinua macho kutoka kwenye daftari lake. Mwanamke aliyebeba mchele kichwani anavuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na kabla jua halijawa kali amesharudi. Kwa hesabu ya serikali ametoka nchi moja na kuingia nyingine mara mbili. Kwa hesabu yake mwenyewe, ameenda sokoni.

Kituo cha huduma kwa pamoja mpakani kilizinduliwa Oktoba 2019 na marais John Magufuli wa Tanzania na Edgar Lungu wa Zambia. Mkoa wenyewe wa Songwe, ulimo mji wa Tunduma na uliomegwa kutoka Mbeya, ulizaliwa mwaka 2016. Ubishi juu ya nani anaruhusiwa kupita hapa, kwa karatasi gani na kwa heshima gani, una umri mkubwa kuliko kituo na mkoa. Waliouanzisha walikuwa makarani na walimu wachache wa misheni iliyoko karibu na Nakonde, mahali panapoitwa Mwenzo.

Mpaka ulitangulia. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini Berlin mkataba unaokumbukwa zaidi kwa kugusa Zanzibar na kisiwa cha Heligoland. Ndani yake mna kifungu kinachochora mpaka kuanzia mdomo wa mto Songwe, Ziwa Nyasa, kuelekea magharibi hadi Ziwa Tanganyika. Waingereza walikuwa na jambo moja la kulinda: barabara ya Stevenson iliyounganisha maziwa hayo mawili, nao walihakikisha imebaki upande wao. Mwaka 1898 tume ya pamoja ikaja kupima na kuweka alama ardhini. Wanyamwanga wakajikuta pande mbili. Wanyiha vivyo hivyo, na chini kidogo, katika milima ya Ileje, Wandali na Walambya wakatenganishwa na jamaa zao wa Nyasaland, Malawi ya leo.

Baada ya mpaka ikaja kodi. Wajerumani walidai rupia kwa kila nyumba. Ng'ambo, kampuni ya Cecil Rhodes ilianza kudai shilingi 3 mwanzoni mwa karne ya 20. Fedha hizo hazikupatikana kwa kulima ulezi. Zilipatikana kwa kuondoka, na vijana wa eneo hili wakaanza safari ndefu za kwenda migodini, kwa miguu, wiki baada ya wiki, hadi Rhodesia Kusini, Zimbabwe ya leo. Ndivyo wenyeji wa hapa walivyogeuzwa wahamiaji.

Misheni ya Mwenzo ilifunguliwa na Waskoti katika miaka ya 1890, tawi la misheni kubwa ya Livingstonia huko Nyasaland. Vijana wake wenye akili walipelekwa chuo cha Overtoun, Khondowe, kusomea ualimu na ukarani. Mmoja wao alikuwa Donald Siwale, Mnyamwanga. Mwaka 1912, wakati wenzao waliosoma chuo hichohicho, akiwemo Levi Mumba, walipoanzisha chama cha wenyeji cha Nyasa Kaskazini kule Karonga, Siwale na marafiki zake wakaanzisha cha kwao: Mwenzo Welfare Association, chama cha ustawi wa watu wa Mwenzo. Majina yanayotajwa pamoja na lake ni Peter Sinkala, Hezekiya Kawosa na David Kaunda. Kilikuwa chama cha kwanza cha aina hiyo katika Rhodesia Kaskazini, Zambia ya leo. Kwa kulinganisha, chama cha watumishi wa serikali Waafrika wa Tanganyika, kilichoanzia Tanga na Martin Kayamba, kilizaliwa mwaka 1922.

Hawakuwa na bunduki wala hawakutaka kumng'oa mtu. Silaha yao ilikuwa kalamu. Walikutana, wakajadili, wakaandika walichokubaliana, wakampelekea bwana shauri. Jambo hilo linaonekana dogo leo. Wakati ule Mwafrika alitakiwa kusikia amri kupitia kwa chifu na kuitikia. Makarani hawa walikuwa wanadai njia ya pili, ambayo maneno yangepanda kutoka kwa watu kwenda kwa serikali.

Vita Kuu ya Kwanza ilikikatisha chama. Mpaka ukageuka uwanja wa mapigano, na boma la Fife, jirani na Mwenzo, likashambuliwa zaidi ya mara moja. Mwanzoni mwa Novemba 1918 jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck lilipita hapo likielekea Kasama, siku chache tu kabla ya vita kwisha. Katika miaka hiyo minne wanaume wa pande zote mbili walikamatwa kwa maelfu kubeba mizigo ya majeshi. Wengi hawakurudi, na nyumbani njaa ilifuata nyayo za wapagazi.

Hapo ndipo ilipozuka sauti tofauti na ile ya makarani. Mwaka 1917 Rhodesia Kusini iliwafukuza wafanyakazi kadhaa waliokuwa wakihubiri mafundisho ya Watch Tower, yaliyojulikana baadaye kama Kitawala. Miongoni mwao alikuwa Hanoc Sindano. Alirudi kaskazini akihubiri kwamba dunia ya mabwana inakaribia mwisho, na wasikilizaji wake wakatafsiri ujumbe huo kwa vitendo: wakakataa kubeba mizigo, wakakataa kuwaamkia machifu waliowaandikisha. Mapema mwaka 1919 zaidi ya watu 100 walikuwa wamekamatwa. Mahubiri hayakujali nguzo za mpaka. Yalivuka yakaingia Mbozi na Ufipa. Serikali ilimwona Sindano kama mchochezi wa dini. Ukitazama waliomfuata, utaona wapagazi waliochoka na wachimbaji waliofukuzwa kazini, watu ambao hawakuwa na barua ya kuandika wala wa kumwandikia.

Siwale na wenzake waliona mambo kwa namna nyingine. Mwaka 1923 walikifufua chama chao, safari hii wakiwa na baraka za daktari wa misheni, Chisholm. Hoja yao kubwa ilikuwa kodi, iliyokuwa imefika shilingi 10. Katika wilaya isiyokuwa na mgodi wala shamba kubwa la kuajiri watu, kodi hiyo maana yake ilikuwa moja: kila mwaka mwanamume aondoke, na mkewe abaki na shamba, watoto na wazee. Kabla muongo haujaisha chama kilikuwa kimefifia. Dawa ya serikali ilikuwa nyepesi kuliko jela. Wengi wa wanachama walikuwa waajiriwa wake, na mwajiri ana haki ya kumhamisha karani wake. Hata hivyo mfano ulikwishaonekana, na katika miaka ya 1930 vyama vya ustawi vikaota katika miji ya reli na ya migodi.

Safari za kazi zenyewe zilizidi. Kwa upande wa Tanganyika, dhahabu ya Lupa kule Chunya iliwavuta watu kuanzia miaka ya 1920, na sehemu ya machimbo hayo leo imo katika Wilaya ya Songwe. Wengine waliendelea kusini hadi migodi ya shaba, ambako Wanyakyusa wa Rungwe walijipatia sifa ya kufanya kazi chini ya ardhi. Kisha ikaja Wenela. Hivyo ndivyo watu walivyoitamka WNLA, shirika la kuandikisha vibarua wa migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Tangu 1913 serikali ya huko ilikuwa imepiga marufuku kuwachukua watu wa nchi za joto za kaskazini, kwa sababu walikuwa wakifa kwa nimonia kupita kiasi. Katikati ya miaka ya 1930 marufuku iliondolewa, na nyanda za juu kusini za Tanganyika zikawa uwanja wa maajenti. Kijana alipimwa afya, akawekewa mkataba, na sehemu ya mshahara ikazuiliwa mpaka atakaporudi kwao.

Kazini walijipanga kwa njia ambazo hakuna mwajiri aliyezitarajia. Mbeni ni mfano mzuri. Ngoma ya beni ilizaliwa mwambao, Lamu na Mombasa, vijana wakiiga bendi za kijeshi kwa tarumbeta, sare na vyeo vya kina "Kingi" na "Gavana". Askari na wapagazi wa Vita Kuu wakaibeba hadi bara, ikafika migodini kwa jina la Mbeni. Mei 1935 wachimbaji wa Mufulira walipopata habari kwamba kodi ya eneo la shaba imepandishwa hadi shilingi 15, waligoma, na mgomo ukaenea Nkana na Luanshya. Tarehe 29 Mei polisi wa Luanshya walifyatua risasi wakaua watu sita. Tume ya uchunguzi ilipouliza habari zilisambaa vipi kwa haraka namna ile, jibu mojawapo lilikuwa mtandao wa Mbeni. Chama cha kucheza Jumapili kilikuwa pia chama cha kuzikana, cha kukopeshana na, ilipobidi, cha kugoma.

Uhuru wa Tanganyika, Desemba 1961, uligeuza mwelekeo wa barabara. Serikali ya TANU ilifunga mlango wa Wenela, na watu wakaanza kuja kutoka kusini kutafuta kimbilio. Januari 1962 Nelson Mandela, aliyetoka Afrika Kusini kwa siri, alitua Mbeya kwa ndege ndogo kutoka Bechuanaland, Botswana ya leo. Katika kumbukumbu zake anasimulia jinsi alivyoshangaa kuona weusi na weupe wameketi pamoja kwenye baraza ya hoteli, jambo ambalo hakuwahi kuliona mahali pa hadhara. Aliyekuja kumpokea alikuwa John Mwakangale, mbunge wa TANU. Wasio na ndege walipita Rhodesia Kaskazini kwa malori na mabasi, wakisaidiwa na wanachama wa UNIP, chama cha wapigania uhuru wa huko, na kuvuka mpaka kuingia Tanganyika. Baadhi walikamatwa njiani wakarudishwa. Wote, kwa sheria ya walikotoka, walikuwa wasafiri wasio na vibali.

Kuna jina katika orodha ya Mwenzo linalostahili kurudiwa. David Kaunda hakuwa mwenyeji wa Rhodesia Kaskazini. Alikuwa Mtonga wa Nyasaland, mwalimu aliyetumwa na misheni mwaka 1904, akafanya kazi Lubwa karibu na Chinsali mpaka kifo chake. Mwanawe, Kenneth, aliiongoza Zambia kwa miaka 27 tangu uhuru wa 1964. Mwaka 1996, akiwa anajiandaa kurudi kwenye siasa, katiba ilibadilishwa ili mgombea urais awe na wazazi wote wawili Wazambia. Machi 1999 mahakama kuu iliyoketi Ndola ikaenda mbali zaidi, ikatamka kwamba hana uraia wa nchi hiyo. Hukumu hiyo ilitenguliwa katika rufaa. Lakini kwa miezi kadhaa baba wa taifa alikuwa mtu asiye na taifa, kwa sababu ya mwalimu aliyevuka mpaka siku ambazo hapakuwa na pasipoti.

Wasafiri wa leo ni wengine. Vijana wa Ethiopia wanaoelekea Afrika Kusini wamekuwa wakipitishwa nyanda za juu kusini kwa zaidi ya miaka 15, wakifichwa nyuma ya mizigo, na habari za kukamatwa kwao Songwe na Mbeya si ngeni masikioni. Juni 2012 miili ya zaidi ya watu 40 ilikutwa imetupwa Chitego, wilayani Kongwa, Dodoma. Walikosa hewa ndani ya lori lililokuwa likielekea Malawi. Machi 2020 kontena lilifunguliwa Tete, Msumbiji, likiwa na maiti 64. Desemba 2022, kando ya barabara Ngwerere, Lusaka, zilipatikana maiti 27. Lori linalotoka Dodoma kwenda Lusaka njia yake ya kawaida ni Tunduma.

Tanzania ina sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu tangu 2008, inayomwona anayesafirishwa kuwa mhanga. Ina pia sheria ya uhamiaji inayomwona mtu huyohuyo kuwa mkosaji. Anayekamatwa amelala chini ya magunia huweza kuangukia upande wowote, kutegemea ameulizwa maswali gani na kwa lugha gani. Hapo ndipo penye kazi ya watu ambao hawatangazwi redioni: wasaidizi wa kisheria, walioenea karibu kila wilaya nchini na kutambuliwa rasmi na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Wengi si mawakili. Ni walimu wastaafu, wakulima na akina mama waliopewa mafunzo ya muda mfupi, na kazi zao nyingi ni ndoa, mirathi na mashamba.

Katika wilaya ya mpakani huongezeka shughuli ya vitambulisho. Mwombaji wa kitambulisho cha Taifa anayeishi karibu na mpaka hutarajia kuhojiwa zaidi kuliko mwombaji wa Morogoro. Anaulizwa baba yake alizaliwa wapi, kisha babu yake. Kwa Mnyamwanga wa Tunduma jibu la kweli mara nyingi ni kijiji cha ng'ambo, ambako babu alikwenda kusoma, kuoa au kulima, na ambako shangazi bado anaishi. Msaidizi wa kisheria humwambia alete cheti cha ubatizo kama kipo, na shahidi mzee anayewajua. Mzee huja na fimbo yake, anaketi kwenye benchi, na kuanza kuhesabu ukoo kwa vidole, akitaja Nakonde, Mwenzo na Mbozi kama mtu anayetaja vyumba vya nyumba moja.