Jeki, Gadi na Kabari

Katika magazeti ya Kenya, kilimo hupigwa jeki, biashara ndogo hupigwa jeki, hata mgombea hupigwa jeki na vigogo wa ngome yake. Msemo huo umetoka kwenye gereji, na umeenea hadi tunadhani kilichopigwa jeki kimeshakuwa salama. Kwa anayebadilisha tairi lenye pancha, dhana hiyo inaweza kuua.

Jeki ni kifaa cha kuinulia mzigo mzito. Neno limetoka Kiingereza, ambako Jack, jina la kawaida la mwanamume, lilipewa vyombo vingi vilivyofanya kazi ya kibarua. Magari madogo mengi huwa na jeki ya parafujo. Nyingine ni ya haidroliki, fupi yenye umbo la chupa, inayoinua kwa mafuta yanayosukumwa ndani ya silinda. Ndiyo kanuni ya mashine ya shinikizo la maji aliyoipatia hataza Joseph Bramah huko Uingereza mwaka 1795. Ya kwanza ina kitako chembamba, hivyo gari likisogea kidogo nayo hulala. Ya pili hushuka pale mpira wake wa ndani unapovujisha mafuta. Zote mbili ni za kuinua. Kushikilia ni kazi nyingine, na Kiswahili kina neno lake.

Chombo kikikaa pwani maji yakikupwa, mabaharia hukitegemeza kwa miti ubavuni kisilale. Mti huo huitwa gadi. Kile ambacho mafundi wanakiita stendi ya jeki ndicho gadi la gari, na ninapendekeza tukiite hivyo. Neno la tatu ni kabari, kipande cha mti au chuma chenye ncha bapa, ambacho wapasua magogo wanakijua vyema. Hapa huwekwa chini ya gurudumu lisibingirike.

Kabari ya nini, na breki ya mkono ipo? Katika magari mengi breki hiyo hukamata magurudumu ya nyuma pekee. Ukiinua moja, limebaki moja la kushika. Gia nayo haitoshi: ukiinua gurudumu linalosukumwa na injini, difu huliacha lililo hewani lizunguke, na gari linaweza kuondoka. Kwa hiyo jeki, katika kuinua, hupunguza vinavyolizuia gari.

Chukua barabara kuu kutoka Nairobi, pale Timboroa na Burnt Forest, kabla ya kufika Eldoret. Kuna miteremko, ukungu, na malori ya mpaka wa Malaba usiku na mchana. Pancha ikikupata huko, endesha polepole hadi mahali tambarare, mbali na lami, hata kama rimu itaharibika. Washa taa za dharura, shusha abiria wakae mbali na barabara, weka pembetatu za tahadhari mbali kiasi cha kumpa dereva wa lori nafasi ya kupunguza mwendo. Vuta breki ya mkono, tia gia. Weka kabari kwenye gurudumu lililo kingamo na lile bovu. Ukikosa kabari, jiwe kubwa litafaa.

Legeza nati kidogo tairi likiwa bado chini. Wakati wa mvua udongo huwa laini, basi tanguliza ubao mpana chini ya jeki. Iweke pale kitabu cha gari kinapoelekeza, kisha inua. Sasa laza tairi la spea chini ya ubavu wa gari, karibu na jeki: hilo ndilo gadi lako la barabarani. Ukishatoa tairi bovu, libadilishane nafasi na spea. Kaza nati kwa mkono, ondoa tairi bovu chini ya gari, teremsha gari, kisha zikaze kabisa kwa kufuata nati zinazotazamana ili gurudumu likae sawa. Ukifika Eldoret, pima upepo na kagua nati tena.

Shule za udereva zifundishe maneno haya matatu kwa pamoja: jeki huinua, gadi hushikilia, kabari huzuia. Anayeyajua hatajiingiza chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuokota nati.