Waliosoma bure hawakuchagua, sisi tunachagua tunalipa

Matokeo ya mtihani wa serikali yakisha kutoka, hapa Lulimba furaha huwa ya siku mbili tatu. Vijana wanamwagiwa poda kichwani na wanaimba barabarani. Halafu wazazi wanakaa na mtoto, na maswali yanaanza: utasoma nini, utasomea wapi, na kwa pesa ya nani? Miaka hii vijana wengi wanajibu kwa neno moja tu: informatiki. Mtoto anataka chuo fulani cha mjini kwa sababu kina jina. Baba anauliza kama hakuna kingine cha bei ndogo. Mama anawaza njia.

Ndugu wasikilizaji na wasomaji, mabishano hayo yana historia ndefu kuliko tunavyodhani. Tukijua zamani nani alilipa na nani alichagua, tutaelewa kwa nini leo mzigo wote umeangukia familia, na tutajua namna ya kuubeba.

Wakati serikali ililipa

Chuo kikuu cha kwanza cha Kongo ni Lovanium, kilichofunguliwa na Wakatoliki mwaka 1954 mjini Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Mwaka 1956 serikali ya kikoloni ikafungua kingine Elisabethville, leo Lubumbashi. Mwaka 1963 Waprotestanti wakafungua cha tatu Kisangani. Wanafunzi walikuwa wachache. Aliyefika huko alipewa bursi: masomo, chakula na kitanda vililipwa.

Lakini anayelipa ndiye anayeamuru. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium waliandamana, na moja ya madai yao ilikuwa bursi iongezwe. Askari wakawapiga risasi, wengine wakafa. Juni 1971 wenzao walipotaka kuwakumbuka, Mobutu alifunga chuo na kuwaingiza wanafunzi jeshini. Agosti mwaka uleule vyuo vitatu vikaunganishwa kuwa kimoja, UNAZA, na fani zikagawanywa kwa miji. Sheria, uchumi na uganga vilikuwa Kinshasa. Lugha na sayansi za jamii zilienda Lubumbashi. Saikolojia na elimu zilibaki Kisangani. Ukitaka fani, unafuata mji wake, hata kama ni mwisho wa nchi. Mwanafunzi hakulipa, lakini hakuwa na mengi ya kuchagua.

Na Fizi yetu je? Miaka ile sisi tulikuwa vitani. Uasi ulianza 1964. Mwaka 1965 mapigano yalifika Baraka, Fizi na hapa Lulimba, na Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma mwezi wa Aprili, akaondoka Novemba. Tangu 1967 chama cha PRP cha Laurent-Désiré Kabila kilishika milima yetu mpaka miaka ya 1980. Shule za sekondari hazisimami vizuri mahali watu wanapolala porini. Kwa hiyo wakati serikali inalipa masomo ya chuo, watoto wa hapa waliofika mezani ni wachache sana.

Wakati mzazi alianza kulipa

Mwaka 1981 UNAZA ilivunjwa, vyuo vitatu vikarudi kila kimoja peke yake. Uchumi ulikuwa umeanguka, na bursi ikawa pesa isiyonunua kitu. Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Mwezi uliofuata wanafunzi walishambuliwa usiku katika kampasi ya Lubumbashi. Katika miaka hiyohiyo mlango ulifunguliwa kwa makanisa na watu binafsi kuanzisha vyuo.

Huku mashariki vyuo vilisogea karibu. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu kilianzishwa 1989. Kile cha Kiprotestanti, UEA, kilifuata 1991. Mwaka 1993 Chuo Kikuu cha Kisangani kilifungua matawi Bukavu na Goma, na mwaka 2004 matawi hayo yakawa vyuo vikuu vya serikali vinavyojitegemea. Mtoto wa Fizi hakulazimika tena kufika Kinshasa ili asome sheria.

Ila bili ilibadilisha mwenyewe. Mshahara wa mwalimu haukumfikisha mwisho wa mwezi, na wazazi wakaombwa kuongeza primi juu ya minervali. Desturi hiyo ilianzia shule za chini, ikapanda mpaka chuo. Elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 ni ya shule ya msingi tu.

Majirani zetu nao walipita njia hiyo, lakini waliweka daraja kidogo. Makerere kule Uganda ilianza kupokea wanafunzi wanaojilipia mwaka 1992. Kenya iliunda bodi ya mikopo ya wanafunzi mwaka 1995, na Tanzania ilipitisha sheria ya bodi yake mwaka 2004. Kwetu bodi ya mikopo ni familia: ng'ombe wa babu, shamba la muhogo, dagaa wa Baraka, dhahabu ya Misisi, na mjomba aliye ng'ambo. Ndiyo maana makosa ya kuchagua chuo hapa hayamwumizi mwanafunzi peke yake. Yanakula na chakula cha wadogo zake.

Informatiki ni kitu gani?

Zamani kijana wa hapa aliyeenda chuo alisoma ualimu, uganga au maendeleo ya vijijini. Informatiki ilipata nguvu baada ya simu. Vodacom ilianza kazi Kongo mwaka 2002, na M-Pesa ikafika nchini 2012. Leo pesa ya mkulima inapita katika simu, na mashirika yanaandikisha wahamishwa kwenye kompyuta. Kijana anaona kazi iko huko, na hajakosea.

Lakini chini ya neno hilo moja kuna masomo tofauti. Mabango mengi yanaandika informatiki ya gestion: hapo mtoto atajifunza kompyuta pamoja na uhasibu na uendeshaji wa ofisi. Kuna informatiki yenyewe, ambayo ni hesabu nyingi na kuandika programu. Kuna pia njia ya mitandao na ufundi wa vyombo. Anayependa kufungua simu na kuzitengeneza anaweza kuchoka kabisa katika darasa la hesabu. Aliyependa hesabu anaweza kupoteza miaka akifundishwa kuandika barua kwa kompyuta. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, omba orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza. Uliza pia kompyuta ni ngapi na wanafunzi ni wangapi, umeme unatoka wapi, na saa za mazoezi ni ngapi kwa wiki. Chuo cha informatiki ambacho kompyuta zake zimefungiwa ofisini ni ghali hata kama minervali yake ni ndogo.

Minervali si bei

Hapa ndipo familia nyingi zinadanganyika. Zinalinganisha minervali na minervali. Tufanye hesabu ya mfano tu, si bei ya chuo chochote.

Chuo cha kwanza kinaomba dola 300 kwa mwaka, lakini mtoto hana ndugu katika mji huo. Chumba na chakula ni dola 70 kwa mwezi, kwa miezi 10 ni 700. Njia ya kwenda na kurudi ni 100. Jumla 1,100 kwa mwaka. Chuo cha pili kinaomba 500, lakini mtoto atakaa kwa shangazi na kuchangia chakula dola 30 kwa mwezi, yaani 300, na njia ni 40. Jumla 840. Kwa miaka mitatu, cha kwanza ni 3,300, cha pili ni 2,520. Kile kilichoonekana rahisi kimezidi kwa dola 780. Ongeza kompyuta ya mtoto, mafunzo ya kazi na kazi ya mwisho, kwa sababu vyote viwili vinaviomba.

Miaka nayo ihesabiwe. Zamani gradua ilikuwa miaka mitatu, halafu lisansi miaka miwili juu yake. Mfumo wa LMD ulioanza mwaka wa masomo 2021-2022 umefanya lisansi yenyewe iwe miaka mitatu. Na mtoto akidubla, mwaka mzima unaongezeka juu ya bili. Hapo hamu ya mtoto inaingia katika hesabu ya baba: anayesukumwa kusoma asichokipenda kwa sababu ni bei ndogo ndiye anayedubla, au anayeacha katikati pesa zikiwa zimekwisha kuliwa.

Tutenganishe basi hamu mbili. Kuna hamu ya fani, na kuna hamu ya jina la chuo na taa za mji. Ya kwanza ilipiwe mpaka mwisho wa uwezo wa familia. Ya pili ndiyo ya kukatwa pesa zikipungua.

Njia pia ni sehemu ya bei

M23 waliingia Goma Januari 2025, na Bukavu Februari 2025. Wazazi wa Fizi wenye watoto katika miji hiyo wanajua usiku wa kupiga simu bila kupata jibu. Kwa hiyo swali lingine lazima liwe mezani: njia ikifungwa katika mwaka wa pili, masomo yataendelea wapi? Chagua chuo chenye kibali cha wizara, ili chuo kingine kiweze kumpokea mtoto. Kila mwisho wa mwaka chukua karatasi ya pointi, ipige picha, na umtumie mtu aliye mbali aihifadhi. Waliokimbia mara tatu wanajua kwamba karatasi huungua kabla ya nyumba.

Kwa ndugu zetu walio Nyarugusu na kambi nyingine, kuna bursi ya DAFI, iliyoanza 1992 kwa pesa ya Ujerumani, ambayo UNHCR inawapa wakimbizi. Nafasi ni chache, pointi zinaangaliwa sana. Kuna pia University of the People, chuo cha kwenye intaneti kilichoanzishwa 2009, kinachofundisha sayansi ya kompyuta. Hakiombi minervali, lakini kila somo lina malipo ya mtihani, na masomo ya kompyuta ni kwa Kiingereza. Bando za intaneti nazo ziandikwe kwenye hesabu.

Wazee waliosoma kwa bursi hawakuuliza bei, na serikali iliwapangia mengi. Sisi tumepata haki ya kuchagua wakati mfuko ni wetu. Basi kabla ng'ombe hajaenda sokoni, mzazi na mtoto waandike pamoja karatasi moja yenye miaka yote mitatu, kila dola na mahali itakapotoka. Kama karatasi inaishia mwaka wa pili, chuo hicho si chenu mwaka huu, hata kama jina lake ni tamu. Tafuteni kingine chenye fani ileile ambacho mtoto ataweza kukimaliza.