Nusu Huku, Nusu Kule

Juma lililopita, kwenye baraza ninapopita jioni kunywa kahawa, kijana mmoja alidai kwamba wapiga kura wa Zanzibar wa siku hizi wamegawanyika kuliko wa zamani. Mzee mmoja akacheka, akamjibu: "Mwanangu, wewe hukuuona mwaka sitini na moja." Nikarudi nyumbani kufungua madaftari yangu.

Tuanze na hesabu. Januari 1961 vilishindaniwa viti 22. ASP ilipata 10, ZNP 9 na ZPPP 3. Kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja tu! Wabunge wa ZPPP wakagawanyika, serikali ikashindikana kuundwa, uchaguzi ukarudiwa Juni. Safari hii ASP 10, ZNP 10, ZPPP 3. Julai 1963 ASP ikapata kiasi cha asilimia 54 ya kura, lakini viti 13 tu kati ya 31, na serikali ikaenda kwa wapinzani wake.

Sasa turuke miaka. Mwaka 1995, Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa kupata asilimia 50.2, na Maalim Seif Shariff Hamad wa CUF asilimia 49.8. Mwaka 2010, Dk. Ali Mohamed Shein 50.1, Maalim Seif 49.1.

Mwenye macho ataona kwamba mizani haikusogea. Yule mzee na yule kijana wamepiga kura katika visiwa vilevile, nusu huku, nusu kule.

Kilichobadilika ni uadui, na uadui haukufuata hesabu ya kura. Baada ya uchaguzi wa 1957 watu walisusiana maduka, hata mazishi. Juni 1961 watu 68 waliuawa katika ghasia. Baada ya 1995 kususiana kukarudi, na Januari 2001 damu ikamwagika katika maandamano, wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya. Lakini 2010, kura zikiwa zimekaribiana vilevile, uchaguzi ulipita kwa amani.

Kwa nini? Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu wakaanza maridhiano. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakaulizwa kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa. Asilimia 66 wakasema ndiyo. Miezi mitatu baadaye wananchi haohao wakagawanyika nusu kwa nusu kumchagua rais. Walikubaliana jinsi ya kuishi pamoja, wakatofautiana nani aongoze. Na aliyeshindwa alijua kwamba anacho kiti cha kukalia.

Atakuwepo atakayesema: mbona Pemba na Unguja zinapiga kura tofauti? Ni kweli, mwaka 1995 CUF ilichukua viti vyote 21 vya Pemba. Mpasuko huo siukatai. Lakini mtu anayesimama palepale miaka nenda miaka rudi hawezi kuambiwa kwamba anazidi kwenda mbali.

Hesabu nayo hudanganya upande wa pili. Machi 2016 Dk. Shein alitangazwa kushinda kwa zaidi ya asilimia 91. Je, Wazanzibari walikuwa wameungana? La hasha! Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulikuwa umefutwa, na CUF ikasusia wa marudio. Nusu ile haikuhama, ilibaki nyumbani.

Kwa hiyo naona mzee na kijana wote wawili walikosea kidogo. Kinachopanda na kushuka ni gharama ya kushindwa. Pale anayeshindwa anapopoteza kazi, shamba na heshima, kura moja ya Chake Chake huwa sababu ya ugomvi. Pale anapobakiziwa nafasi, hata kura chache humezeka.

Kijana wangu wa barazani, ukitaka kujua nchi imegawanyika kiasi gani, usiishie kuuliza mshindi amepata kura ngapi. Uliza pia aliyeshindwa amelala vipi usiku ule.

Mpaka juma lijalo, kwaherini.