Nyiragongo na Watu wa Goma: Kwa Nini Walirudi?

Sisi wa Rutamba tunaishi kando ya ziwa tulivu na misitu yake, katika ardhi isiyo na mlima wowote wa moto. Hata hivyo, leo tunawaalika twende pamoja mbali kidogo, mpaka mashariki mwa Kongo, katika mji wa Goma, ambao watu wake husemezana kwa Kiswahili sokoni na nyumbani kama sisi, ijapokuwa kwa lafudhi yao wenyewe. Tunakwenda huko kwa sababu ya swali moja. Mnamo Januari 2002 mamia ya maelfu ya watu wa Goma waliukimbia mji wao uliokuwa ukiungua kwa volkano, na baada ya siku chache tu wengi wao wakarudi, huku mawe yaliyotapikwa na mlima yakiwa bado yanafuka moshi. Watu waliotazama kwa mbali walistaajabu. Je, warudio motoni wamepungukiwa na akili, au wanajua jambo ambalo mtazamaji wa mbali halijui?

Kwanza tuufahamu mlima wenyewe. Nyiragongo una kimo cha mita 3,470 hivi, na kilele chake kiko chini ya kilomita ishirini kaskazini ya Goma. Ni mmojawapo wa milima minane ya Virunga, iliyozaliwa katika Bonde la Ufa, mahali ambapo ganda la dunia linapasuka na kuachana polepole. Katika milima hiyo minane, miwili ndiyo iliyo hai leo, yaani Nyiragongo na jirani yake Nyamulagira. Ndani ya shimo la kilele cha Nyiragongo mara nyingi hukaa ziwa la lava, yaani mawe yaliyoyeyuka kwa joto. Volkano nyingi hutoa lava nzito inayotambaa kama uji uliolala, lakini lava ya Nyiragongo ni nyepesi mno, hata ikipata mteremko huweza kukimbia kuliko mtu. Na kwa kuwa majivu ya volkano huirutubisha ardhi, wakulima hawakuacha kuusogelea mlima huo. Mlima unaoua ndio huo huo unaolisha.

Tarehe 10 Januari 1977 mbavu za mlima zilipasuka, na ziwa lote la lava likamwagika katika muda usiofika saa moja. Mahali palipokuwa na mteremko mkali, moto ule ulikwenda kwa kasi ya kilomita makumi kadhaa kwa saa. Vijiji vya chini ya mlima havikupata hata nafasi ya kukimbia. Hesabu ya chini kabisa inataja watu 70 waliofariki, na nyingine zinataja mamia. Hata tembo walinaswa, na baadaye nafasi za miili yao zikaonekana ndani ya mawe yaliyoganda.

Miaka kumi na saba baadaye, Goma ilipata msiba usiotoka mlimani bali mikononi mwa wanadamu. Mwezi Julai 1994, mwishoni mwa mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu wanaokaribia milioni moja walivuka mpaka kwa siku chache, wasio na hatia pamoja na waliokuwa wamemwaga damu. Wengi walipiga kambi juu ya uwanda wa lava ya kale. Ardhi ile ni mwamba mtupu: vyoo havikuchimbika, wala makaburi. Kipindupindu na kuhara damu vikaua makumi ya maelfu. Watu wa Goma waliyaona hayo kwa macho yao. Walijifunza, mbele ya milango yao, kambi ya wakimbizi ni kitu gani. Tuombe msomaji alikumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Mwaka 1998 vita vingine vilianza Kongo, na Goma ikawa makao makuu ya waasi wa RCD waliosaidiwa na Rwanda. Katika hali hiyo, nani angekuwa na fedha au nafasi ya kuushughulikia mlima? Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma kilibaki na vipimo viwili tu vya matetemeko vilivyokuwa vikifanya kazi. Hata hivyo wataalamu wake hawakulala. Mmoja wao, Mkongo Dieudonné Wafula, alitoa tahadhari kwamba dalili za mlima zinaashiria mlipuko. Tahadhari ilitoka, lakini haikupata mamlaka yenye uwezo wa kuipokea na kuwahamisha watu. Penye vita, hata anayesema kweli husikika kama mtu anayeongea na upepo.

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 17 Januari 2002, nyufa zilifunguka upande wa kusini wa mlima, zikashuka kwa kilomita kadhaa kuelekea mjini. Lava ikafunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia ndege, ikaingia katikati ya mji ikiwa na upana wa mita 200 hata 1,000, ikapita juu ya maduka, shule, zahanati na makazi, kisha ikatumbukia katika Ziwa Kivu. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu likateketea. Zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mji ikafunikwa, na watu wapatao 120,000 wakabaki bila makao. Waliokufa walizidi mia moja. Kwa mji wa watu laki nne au zaidi, tunaweza kusema kwamba wengi waliokolewa na miguu yao wenyewe, kwa kuwa lava ilipofika kwenye tambarare ilipunguza mwendo, na watu wakaondoka kabla haijawafikia.

Waliondoka kwenda wapi? Wengine walielekea magharibi, upande wa Sake, lakini umati mkubwa ulivuka mpaka na kuingia Gisenyi, Rwanda. Hapo historia iligeuka. Miaka minane tu ilikuwa imepita tangu Wanyarwanda walipoivuka njia hiyo hiyo kuja Goma, na sasa Wakongo waliivuka kwenda kwao. Mwenyeji wa jana alikuwa mgeni wa leo. Mashirika ya misaada yakatayarisha kambi za Nkamira na Mudende, ndani ya Rwanda, ili wakimbizi wapate chakula, maji na mahema. Kwa hesabu ya kitaalamu mpango ulikuwa mzuri. Lakini watu wa Goma, wengi wao, hawakwenda kambini. Waligeuka, wakapita juu ya lava iliyoganda upande wa juu na kuwaka upande wa chini, wakarudi nyumbani.

Kurudi huko kulikuwa na hatari zake, nasi hatupaswi kuzificha. Tarehe 21 Januari kituo cha mafuta kilichozungukwa na lava kililipuka wakati watu walipokuwa wakichota mafuta, na makumi kadhaa wakafa hapo hapo. Matetemeko yaliendelea. Tena kulikuwa na Ziwa Kivu lenyewe, ambalo katika kina chake limehifadhi kiasi kikubwa mno cha hewa ya ukaa na methani. Wataalamu walikumbuka Ziwa Nyos la Kamerun, ambalo mnamo tarehe 21 Agosti 1986 lilifoka hewa ya ukaa na kuua watu wapatao 1,700 usiku mmoja, pamoja na mifugo yao. Kwa bahati njema lava iliyoingia Kivu haikufika kwenye kina chenye gesi hiyo. Na hata siku za kawaida, katika mabonde madogo ya Goma, hewa hiyo hutoka ardhini kimya kimya na kutuama, ikaua mbuzi, na pengine mtoto aliyekwenda kucheza. Wenyeji huiita mazuku.

Basi kwa nini walirudi? Sababu ya kwanza tumekwisha kuigusa: waliijua kambi. Walikuwa wameziona kambi za mwaka 1994, wameona maiti zikikosa kaburi. Sababu ya pili ni vita. Kuingia katika kambi ya nchi ambayo majeshi yake yalikuwa yamehusika katika vita vya kwao lilikuwa jambo zito. Na Mudende yenyewe ilikuwa na jina la damu, kwani mwaka 1997 wakimbizi wa Kitutsi kutoka Kongo waliuawa huko. Sababu ya tatu ni mali. Aliyeiacha nyumba bila mlinzi katika mji usio na serikali ya kweli alijua kwamba wezi hawatasubiri lava ipoe. Na sababu ya nne ni jamaa. Sehemu kubwa ya mji ilikuwa bado imesimama, na katika sehemu hiyo kila familia ilikuwa na ndugu, jirani au mwanajumuiya. Wengi wa waliounguliwa nyumba walipokewa katika nyumba za wenzao, watu kumi na tano chini ya paa lililozoea watano. Hakuna shirika lililowagawia ndugu hao. Walikuwapo tangu zamani.

Tukiyaweka hayo yote katika mizani, tunaona kwamba watu wa Goma hawakuchagua kati ya hatari na usalama. Walichagua kati ya hatari na hatari. Mtazamaji wa mbali aliuona mlima peke yake; wao waliuona mlima, na kambi, na bunduki, na njaa, wakapima. Anayewaita wajinga hajapima pamoja nao. Na anayesema moto ule ulikuwa adhabu ya Mungu kwa mji wenye dhambi, na atueleze kwa nini haukuchagua kati ya baa na Kanisa Kuu, wala kati ya nyumba ya mpiganaji na ya mjane. Lava hufuata mteremko. Haisomi mioyo ya watu.

Wapendwa, hapa ndipo habari ya Goma inapogusa habari ya Rutamba. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwezi Septemba 1964, maelfu ya watu walivuka mto Ruvuma kukimbilia Tanzania, na Rutamba ikawa mojawapo ya makazi waliyotengewa. Hawakuwekwa kwenye mahema tu wangoje mgao. Walipewa ardhi wakalima, wakaishi jirani na wenyeji, mpaka Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975 na njia ya kurudi ikafunguka. Kwa hiyo jina la kijiji chetu limo katika historia ya ukimbizi wa Afrika, na limo upande wa waliofungua mlango. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ardhi na jirani humfanya mkimbizi abaki mtu. Vitu hivyo viwili Rutamba ilivitoa, na vitu hivyo viwili ndivyo watu wa Goma walivyovifuata waliporudi.

Mlima haukukoma. Jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, mkesha wa Pentekoste, Nyiragongo ulipasuka tena. Lava ilisimama mita mamia machache kabla ya uwanja wa ndege, baada ya kuteketeza maelfu ya nyumba katika vijiji na vitongoji vya kaskazini. Watu wapatao thelathini walifariki. Safari hii pia onyo lilikuwa dhaifu, kwa maana kituo cha uchunguzi kilikuwa kimekatikiwa na fedha za wafadhili mwaka 2020, hata kikakaa miezi bila intaneti ya kupokelea taarifa za vipimo vyake. Siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, serikali iliagiza sehemu kubwa ya mji ihamwe, na watu wapatao laki nne wakaondoka kwa miguu, kwa magari na kwa mashua kuelekea Sake, Rwanda na Bukavu. Kisha wakarudi tena. Tena vita havikuwaacha: mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilitekwa na kundi la M23, na waliokuwa kambini pembezoni mwa mji wakatawanywa upya. Nyumba nyingi za Goma zimejengwa kwa mawe meusi ya lava ile ile iliyozibomoa za kwanza, na mawe hayo husombwa kwa chukudu, baiskeli kubwa za mbao zinazosukumwa kwa mkono. Watu hao hawajausahau mlima, wanaishi nao.

Sisi wa Lindi tufanye nini na habari hizi? Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Moto wetu ni maji. Januari 2020 mafuriko yaliua watu katika mkoa wetu, na Mei 2024 mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kusini pale Somanga. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza kimbunga hicho siku kadhaa kabla ya kufika. Onyo likitolewa ni nusu ya wokovu. Nusu ya pili ni mtu kuwa na mahali pa kwenda na mtu wa kumpokea. Kwa hiyo kila kitongoji kijue leo, kabla ya mvua, nyumba zipi ziko mabondeni, wazee gani hawawezi kutembea, na familia zipi za juu zitawapokea. Jumuiya zetu ndogondogo zinaweza kuifanya orodha hiyo katika mkutano mmoja. Goma haikuwa na serikali ya kuifanya, lakini ilikuwa na majirani, na majirani hao ndio waliouokoa mji.

Tuwakumbuke watu wa Goma, waliofariki na walio hai.